Mtoto wa Taa

Mlionirithi karakana pale mtaani Malindi mnanilaumu kwa jambo moja. Mnasema nimekuachieni vifaa vizuri, ukuta mzuri wa kupimia taa, na sharti moja la kijinga: mteja akija, kabla hamjagusa gari, mumuulize anaona nini, na mumwache aseme mpaka amalize. Mnasema linapoteza wakati. Ni kweli linapoteza. Nimestaafu tangu Ramadhani iliyopita, mabega yamekataa na macho hayataki tena kukodolea plastiki, kwa hiyo nina nafasi ya kukuelezeni sharti hilo limetoka wapi. Lakini nitaanza mwanzo, kwa sababu mimi ni mtu wa msasa, na hakuna anayeanza na namba elfu mbili.

Nilianza kazi mwaka wa themanini na tano. Babu yangu alikuwa na mashamba ya karafuu, baba yangu akawa na duka la vitambaa, mimi nikawa na ndoo. Hiyo ndiyo historia ya ukoo wetu kwa ufupi. Aliyenipokea ni Fundi Seif, mtu mwembamba, mkavu wa maneno, aliyetengeneza taa za magari nyuma ya maghala ya bandari. Siku ya kwanza hakunifundisha kitu. Alinipa taa ya lori, ya kioo chenyewe, nzito, akaniambia nioshe. Nikaiosha. Akaipitisha kidole, akanirudishia. Mpaka adhuhuri nilikuwa nimeiosha mara tano, ndipo akasema, "Asubuhi ulikuwa unaosha kioo. Sasa unaosha taa." Sikumwelewa. Sina hakika kama yeye alijielewa, ila alilisema kwa sauti ya mtu anayejielewa, na hiyo ni nusu ya ufundi.

Mbele ya karakana palikuwa na ukuta wa ghala la zamani, na tuliupaka chokaa kila mwaka kabla ya kufunga Ramadhani. Mnaujua, bado upo. Mistari ya mkaa iliyo juu yake aliipima Fundi Seif kwa uzi na timazi, na kila chokaa ikikauka huchorwa upya. Gari inasimama hatua kumi, taa zinawashwa, na mwanga unatakiwa uanguke juu ya mstari. Alikuwa na mwiko mmoja: asipite mtu kati ya taa na ukuta. Sababu hakuitaja. Magharibi ikikaribia na kichochoro kikianza kuingia kiza, ukuta ule ulitoa nje kila kilichokuwa kwenye taa. Unywele ulionekana kamba. Mdudu aliyekufa ndani ya kioo alionekana mkubwa kuliko paka. Jioni moja niliwasha taa nikaona juu ya chokaa kiganja cha mtu, kirefu kuliko mlango, vidole vitano vimetanda, nikaruka nyuma. Kilikuwa kiganja changu mwenyewe. Nilikuwa nimekiacha kwenye kioo wakati wa kuifunga taa. Fundi Seif alicheka mpaka akakaa chini.

"Ndo maana nnakwambia osha," akasema.

Nilicheka na mimi, lakini kwa adabu tu. Nimefanya kazi mbele ya ukuta ule zaidi ya miaka ishirini na sikuwahi kuuzoea. Kila nilipokaribia kuwasha, nilijikuta nimezuia pumzi.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini meli zikaanza kushusha magari yaliyotumika Ujapani, na taa zake hazikuwa za kioo tena. Zilikuwa za plastiki ngumu, zimepinda kufuata uso wa gari, nzuri kwelikweli. Zikakaa juani mwaka, miaka miwili, zikaanza kuota ukungu wa manjano. Watu wakailaumu bahari, maana kwetu bahari hulaumiwa kwa kila kitu. Aliyefanya kosa ni jua. Tazameni taa yoyote iliyochakaa: ukungu unaanza juu na pembeni, pale jua linapopiga, halafu unasogea katikati. Gari inayolala kivulini huchelewa kupofuka. Ndiyo sababu nilikuwa nikiwaambia wateja wageuze pua ya gari ukutani au wafunike taa kwa gunia, na wao wakinijibu kwamba hawakununua gari ili waivishe nguo.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Dawa ya meno inang'arisha siku tatu, na gari inanukia mdomo. Majivu yanakwaruza. Mtu mmoja alipaka thina ya rangi, taa ikajaa nyufa ndogo ndogo kutoka ukingo hadi ukingo, akaniletea akitaka nimrudishie jinsi ilivyokuwa. Nilimpa pole na kiti cha kukalia. Fundi Seif hakuipenda plastiki mpaka siku ya mwisho wake. Alisema kioo kikizeeka huvunjika, mambo yakaisha. Hii plastiki inazeeka ikikutazama. Basi plastiki nilijifunza peke yangu, kwa kuharibu taa za ndugu kwanza.

Njia mnaijua lakini nitaiandika, kwa sababu nimesikia mmeanza kuruka hatua. Osha. Zungushia tepu ya karatasi ili usile rangi ya gari. Msasa wa maji namba mia nane, halafu elfu, halafu elfu na mia tano, halafu elfu mbili, na maji yasikauke hata mara moja. Namba hii ukivuta kwa mlalo, inayofuata vuta kwa wima, ili uone mikwaruzo ya nyuma imekwisha. Mwanzo maji yatatoka ya manjano, halafu meupe, mazito, kama maziwa. Yakitoka meupe matupu umefika kwenye plastiki nzima. Hapo taa itaonekana imeharibika kabisa, kipofu mweupe, na mwenye gari akiwa karibu atapiga kelele. Mpelekeni akanywe chai. Polishi ndiyo inayorudisha uwazi, na laka ya juu ndiyo inayouhifadhi. Bila ya laka, miezi michache tu ukungu umerudi. Na ukungu wa ndani, wa maji yaliyoingia kwenye taa, huo ni ugonjwa mwengine. Msiupige msasa kwa nje mkadhani mnafanya kazi.

Sasa jina. Watu wa mjini walipoona magari yao yanapofuka wakaanza kusema, gari yangu ina mtoto wa jicho. Ulikuwa mzaha mzuri, na sisi karakanani tukaufupisha. "Huyu ana mtoto mkubwa kushoto." "Mtoto karudi." "Mtoe mtoto kabla ya adhuhuri." Fundi Seif alipofariki, Mungu amrehemu, nilibaki na Mbarouk, mwenzangu wa kazi, mtu wa maskhara ambaye hata hospitali alichekesha. Mbarouk ndiye aliyechora bango, kwa rangi nyekundu: TUNATOA MTOTO KWENYE TAA. HARUDI. Hilo neno la mwisho nililiona lina majivuno, lakini majivuno yenyewe yalikuwa yangu, nikaliacha.

Bango hilo ndilo lililomleta Ussi.

Ussi alikuwa dereva wa pikapu, mtu wa Makunduchi, wa makamo, mpole wa sauti. Alichukua marobota ya mwani mkavu vijiji vya kusini akayaleta ghala moja la Malindi, na ilibidi awe mlangoni geti linapofunguliwa. Kwa hiyo aliondoka kwao kabla ya adhana ya alfajiri na karibu safari yake yote ilikuwa kizani. Siku ya kwanza nilimwona amesimama chini ya bango, anasoma, anatazama huku na huku, anasoma tena. Alipoamua kuingia, alivua makubadhi mlangoni. Karakana nzima grisi na maji machafu, na mtu kavua viatu. Nikamwona ana adabu za shamba.

"Fundi, nimesoma hapo nje," akasema kwa sauti ya chini. "Kweli mnatoa mtoto?"

"Ndo kazi yetu. Yuko taa gani?"

Akafikiri. "Naona kwa zote mbili. Lakini zaidi upande wa kushoto."

"Kaanza lini?"

"Tangu mwezi wa Mfunguo Tatu."

"Ukizima taa?"

"Nikizima, hayupo. Nikiwasha, yupo."

Mbarouk akanikonyeza. Ukungu bila shaka hauonekani taa ikiwa imezimwa. "Ndo walivo wote," nikamwambia.

Akanitazama kwa mshangao mkubwa. "Kwani wako wengi?"

"Bwana Ussi, mji mzima umejaa."

Niliona uso wake umebadilika rangi, nikadhani anahofia bei. Akaniuliza alete nini. Nikamjibu alete gari tu, na kitambaa kisichotumika kama anacho, maana vyetu vimejaa mafuta. Kesho yake alikuja na yadi mbili za bafta nyeupe, mpya, imekunjwa vizuri, inanukia ubani. Sisi watu wa mjini tunajiona tuna akili sana. Mimi na Mbarouk tulijificha nyuma ya mlango tukacheka.

Taa zake zilikuwa na ukungu kweli, tena mzito, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kushuku. Nikapiga msasa. Yeye alikaa mbali, midomo inacheza bila ya sauti. Katikati ya kazi akauliza, "Fundi, anaumia?"

Nilidhani anauliza habari za taa. Watu hupenda magari yao. "Haumii," nikasema. "Mwenyewe angekuwa na mdomo angeshukuru."

Nilipomaliza, nikainua ndoo ya yale maji meupe nimwoneshe. Huwa nafanya hivyo. Mteja akiona uchafu uliotoka hulipa kwa moyo. "Yumo humu," nikamwambia.

Akarudi nyuma hatua mbili. Halafu akaniomba nisiyamwage pale. Aliibeba ndoo mwenyewe kwa mikono miwili, akatoka nayo taratibu, na Mbarouk aliyemfuata kwa umbea akaja kuniambia kwamba kaenda kuyamwaga baharini, ukingo wa gati, akisoma dua. Wakati huo hatukucheka sana. Nakumbuka nilitazama ile alama ya duara ya maji iliyobaki sakafuni pale ndoo ilipokuwa, na sikupenda kuikanyaga.

Magharibi nikamwashia taa mbele ya ukuta. Mwanga ulitoka mweupe, safi, umekaa juu ya mstari. Wateja wengine hutazama taa. Ussi alitazama ukuta, pembe zote, kwa muda mrefu.

"Hapa hayupo," akasema.

"Nshamtoa."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ilikuwa ya baridi.

Mwezi haukwisha, akarudi. Akavua tena makubadhi. "Fundi, karudi."

Niliziangalia taa. Zilikuwa wazi, mtu angeweza kusoma gazeti kwa nyuma yake. Nikapitisha kidole, nikapitisha na ukucha. Hakuna kitu. Hapo ndipo ningemuuliza, bwana, wewe unaona nini? Sikumuuliza. Bango langu lilisema harudi, na mtu amesimama chini yake anasema karudi, na wateja wawili wanasikia. Nilichukulia kwamba jicho lake ni kali kuliko langu, na hilo liliniuma.

"Mkubwa kama mwanzo?"

"Nadhani kakua kidogo."

"Na yuko pale pale?"

"Pale pale, kushoto. Ila juzi alisogea katikati."

Ukungu huanza pembeni ukasogea katikati. Mimi mwenyewe ndiye ninayewafundisha watu hivyo. Kila alichosema kiliingia kwenye elimu yangu bila ya kugonga pembe. Nikapiga msasa taa nzima kabisa, nikapaka laka tabaka mbili, na bado nakumbuka jinsi maji yalivyotoka safi siku ile, hayana hata chembe, na Ussi akainama juu ya ndoo akauliza, "Mbona leo hayumo?" Nikamwambia ni kwa sababu alikuwa mdogo, kayeyuka. Mtu akiwa mwongo wa kazini huwa mwepesi wa majibu.

Mara ya tatu alikuja alasiri, mwezi wa nne tangu siku ya bango. Hakuzima gari. Ile dizeli yake ilikuwa ikinguruma kiasi cha kutikisa makopo rafuni. Mbarouk alikuwa amelala chini, upande wa dereva wa pikapu hiyo, akibandua tepu ya gari nyengine. Mimi nilikuwa nimesimama mbele, karibu na injini. Ussi alitoa kichwa dirishani, uso umesawajika, akasema maneno ambayo mimi niliyasikia hivi: "Fundi, mtoto kapungua."

"Alhamdulillahi!" nikapiga ukelele. "Nlikwambia!"

Akanitazama asiamini. Akasema kwa nguvu zaidi kwamba akimwona hupunguza mwendo, anazima taa zote, anapita polepole kizani, halafu ndipo anawasha. Anafanya hivyo kila siku. Afanye nini sasa?

Hilo lilinitisha, kama fundi. Mtu anaendesha kizani, taa zimezimwa, kwa sababu ya kaukungu! Nikamsogelea nikamnyooshea kidole. "Usizime taa tena! Utaua watu. Wala usipunguze mwendo. Washa taa kubwa, pita zako. Hata ukimwona, si kitu yule, ni ukungu tu."

"Nipite tu?"

"Pita. Mimi ndo nnakwambia."

Akatia gia. "Haya, fundi. Wewe ndo unaewajua." Akaondoka.

Baada ya Isha tulikuwa barzani tunakunywa kahawa, na Mbarouk akaanza vichekesho vyake vya siku. "Yule bwana wa Makunduchi naye! Mmemsikia leo? Eti, mtoto kanipungia." Akainua mkono, akaupunga taratibu, kama anavyopunga mtu anayemwita mwenziwe. Watu wakacheka.

"Kapungua," nikamsahihisha.

"Kapungua wapi? Mimi nlikuwa chini ya dirisha lake. Kasema, mtoto kanipungia. Kanipungia mkono."

Kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Nilikiweka chini, na yale maneno yote ya miezi minne yakarudi moja moja. Anaumia? Kakua kidogo. Kasogea katikati. Bafta. Makubadhi mlangoni. Mtu yule hakuwahi hata siku moja kusema nami habari za plastiki. Kuna mtoto aliyekuwa akisimama mbele ya gari yake, na yeye akamwogopa, akaja kwangu kama watu wanavyokwenda kwa waganga. Na mimi nimemwambia awashe taa kubwa, asipunguze mwendo, apite.

Nitakwambieni jambo ninaloona haya nalo. Nilikwenda nyumbani Kiembe Samaki, nikalala. Nilijiambia kwamba kama ni jini, halina mwili wa kugongwa; na kama ni macho ya Ussi tu, basi hakuna kitu. Mke wangu akauliza nina nini, nikasema tumbo. Niligeuka huku na huku. Kila nikifumba macho nilimwona mtu mdogo juu ya ukuta wa chokaa, na mwanga haumpiti. Saa tisa na nusu nilivaa, nikachukua funguo.

Gari yangu mwenyewe, mimi fundi wa taa, ilikuwa na ukungu wa miaka miwili. Chekeni, mna haki. Nilishika njia ya Tunguu na mbele yangu palikuwa na weupe tu, mwanga umemwagika hauendi popote. Ussi hakuwahi kunambia ni mahali gani. Nilijua tu kwamba ni njia ya kusini na ni upande wake wa kushoto akija mjini. Nikaanza kumwona mtoto kila mahali. Nguzo ilikuwa mtoto. Gunia lililosahauliwa lilikuwa mtoto. Nikapita msitu wa Jozani na miti imekutana juu, na kila mara weupe ule ulikusanyika ukawa na kichwa na mabega, nikakanyaga breki, ukawa kichaka. Nilianza kusoma kwa sauti. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini mtu huzima taa ili asione.

Nilipoipita Kitogani kuna kona ndefu, na nyumba moja ya makuti iliyojitenga, mkono wangu wa kulia. Pale niliona mwanga wa gari inakuja kutoka kusini. Niliujua kabla sijasikia dizeli. Mtu huijua kazi yake: mweupe, mkali, umenyooka, haukutawanyika hata kidogo. Taa kubwa, na mwendo haupungui.

Na katika mwanga ule, mbele yangu, katikati ya barabara, alisimama mtoto. Taa zangu hazikumwonesha. Za Ussi ndizo zilizomchora, mweusi, mdogo, shati refu mpaka magotini, amenipa mgongo. Mkono ulikuwa juu, unapunga. Hakuwa na wasiwasi wowote, kwa sababu gari ile imemzoeza; kila siku ikifika hapa hupunguza.

Sikufikiri. Nilikanyaga mafuta, nikalaza mkono juu ya honi, nikampita ubavuni na kuizungusha gari kati yake na ule mwanga. Ndani ya gari mkawa mweupe kama mchana. Nilisikia matairi yanalia, halafu kishindo, halafu marobota ya mwani yanadondoka barabarani, moja, jengine, jengine. Taa yangu ya kulia, ambayo sikuisafisha miaka miwili, haikuhitaji tena kusafishwa. Mimi nilikuwa mzima.

Nikatoka mbio upande wa pili. Mtoto alikuwa amesimama pale pale. Ni wa kike, labda miaka saba, amevaa shati la mtu mzima, vumbi miguuni. Alikuwa anaitazama pikapu, hanitazami mimi.

"Baba hakushuka?" akaniuliza.

Nikamuuliza baba gani. Akasema baba yake alipanda gari ya mwani, akaenda bandarini kuvuka kutafuta kazi bara, na alimwambia atarudi na gari hiyo hiyo. Bibi yake hasikii, lakini yeye anaisikia kutoka mbali, basi huamka akaja. Gari ikifika hapa hupunguza mwendo, na yeye hujua kwamba baba anataka kushuka. Halafu taa zinazimika, na gari inapita.

Kwenye pikapu Ussi hakuwa ameshuka. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, macho ameyafumba, anasoma kwa haraka mpaka maneno yanapandana. Nilimwita mara tatu.

"Fundi," akasema bila ya kufumbua. "Nimepita? Nimepita kama ulivoniambia?"

"Hukupita. Fumbua macho."

"Yupo?"

"Yupo. Nnamwona na mimi."

Akaanza kulia. Nilimwambia ashuke, akakataa. Nilimwambia ni mtoto wa watu, wa nyumba ile pale, akatikisa kichwa. Akasema majini nao husema hivyo hivyo, na nyumba huwa nazo. Nilikuwa nimemwambia uongo mara nyingi kwa sauti ya fundi, na sasa nina ukweli mmoja, sauti imenikauka. Basi nikamshika yule mtoto mkono nikamleta mpaka dirishani. Nikauchukua mkono wa Ussi, mzito, wa baridi, unapinga, nikauweka juu ya kichwa cha mtoto, nikaushikilia pale.

Mbali kule Muyuni mwadhini alikuwa ameanza.

"Ana joto," Ussi akasema.

Akafungua mlango. Akakaa chini juu ya lami, kati ya marobota, uso wake ukawa sawa na wa mtoto. Miezi minne yeye alikuwa akimwona, na mimi miezi minne nikimtoa.

"Jina lako nani, mwanangu?" akamuuliza.

"Mize," akasema mtoto.